Kamera ya hafu pleti na filamu ya leo: tubadilishe mgongo, au tutumie holda zake za zamani?

Kamera nyingi za mbao zinazojitokeza Nairobi, kwenye minada ya vyombo vya nyumba au kwenye kabati la mzee aliyewahi kuwa na studio, bado ni nzima. Mbao imekauka vizuri, shaba imefifia tu, lenzi inahitaji kitambaa safi. Mvukuto, ule mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na mgongo, utakuwa na matundu mawili matatu kwenye pembe, na hayo yanazibika. Kazi iko nyuma, pale filamu inapoingia. Kamera hizi zilitengenezewa mabamba ya kioo, kwa saizi za Kiingereza ambazo viwanda vya filamu haviziweki tena rafuni: ful pleti ni inchi 6½ kwa 8½, hafu pleti ni 4¾ kwa 6½, kwota pleti ni 3¼ kwa 4¼. Filamu ya karatasi, yaani ya vipande bapa na si ya mkanda, unayoweza kuagiza leo bila kusubiri ni ya inchi 4 kwa 5.

Yangu ni hafu pleti ya mhogani. Kibao cha jina la mtengenezaji kilishang'oka, na mzee wa Ngara aliyeniuzia alinipa pamoja nayo holda tatu zinazofunguka kama kitabu, kila moja ikibeba mabamba mawili. Nimeitumia kwa njia tatu kati ya hizi ninazozilinganisha hapa, na mafundi wawili wamepitisha mikono yao kwenye mgongo wake. Kabla hujamwita fundi yeyote, jiulize filamu utaitoa wapi miezi sita ijayo. Ukishajibu hilo kwa ukweli, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Kuiacha ilivyo, na kutia filamu kwenye holda zake

Njia hii haigusi kamera hata kidogo. Bamba la kioo lina unene wa milimita moja na nusu hadi mbili. Filamu haifiki hata robo ya milimita. Ukiitia filamu peke yake kwenye holda ya kitabu itaning'inia na kujipinda. Kwa hiyo unaitengenezea kitu cha kuibeba. Zamani ziliuzwa ala nyembamba za bati zilizokunjwa kingo tatu, filamu ikateleza ndani. Fundi wa bati pale Kamukunji anaweza kukukunjia za alumini ukimpa kipimo na kiolezo cha kadibodi. Ila kumbuka kwamba ukingo uliokunjwa unakaa mbele ya filamu, kwa hiyo filamu inarudi nyuma kwa unene wa bati hilo. Mimi niliishia kutumia kadibodi ngumu yenye unene wa bamba la asili, na utepe wa gundi hafifu wa pande mbili kwenye pembe nne. Filamu inakaa juu yake, uso wake unagusa ukingo wa mbele wa holda kama kioo kilivyokuwa kikigusa, na kile kioo cha ukungu cha asili, unachotazamia picha ukilenga, kinabaki sahihi bila kupimwa upya. Jambo hili lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana, na utaona kwa nini nikifika kwa seremala.

Filamu yenyewe ndiyo swali. Ilford, watengeneza filamu wa Uingereza, hupokea oda za saizi zisizo za kawaida mara moja kwa mwaka kupitia wauzaji wake, na hafu pleti imo. Ukikosa dirisha hilo unasubiri mwaka mwingine. Njia niliyoishi nayo ni filamu ya eksirei. Karatasi ya sentimita 18 kwa 24 ukiikata katikati ya ule upande wa 24, kisha ukapunguza sentimita moja na nusu kwenye ule wa 18, inakupa hafu pleti mbili kamili za 12 kwa 16.5. Ni kama vile aliyepanga vipimo hivyo alikuwa na kamera hii mezani.

Ukienda kuinunua kwa wauzaji wa vifaa vya hospitali, sema wazi kwamba unataka ile ya zamani inayooshwa kwa dawa kwenye chumba cha giza. Hospitali nyingi zimehamia kwenye mitambo ya dijitali inayochapisha picha kwenye filamu kavu kwa joto, na filamu hiyo kavu haifai kabisa ndani ya kamera. Ukishaipata ya kweli, utafurahia jambo moja: aina inayoona rangi ya kijani haioni nyekundu, kwa hiyo unaikata na kuiosha chini ya taa nyekundu, ukitazama picha inavyojitokeza kwenye trei. Kwa anayejifunza, huo ni msaada mkubwa.

Inadai malipo yake pia. Ina dawa ya kunasa mwanga pande zote mbili, na upande wa chini ukikwaruzwa na trei, mkwaruzo unabaki kwenye picha. Mimi hulaza kioo safi ndani ya trei, chini kabisa, na kuosha karatasi moja moja, bila haraka. Mwanga mkali husambaa kingoni kwa sababu haina ule mgongo wa kuzuia mwangwi wa mwanga. Halafu kuna rangi. Kwa kuwa haioni nyekundu, udongo wa Nairobi hutoka mweusi, kitenge chekundu hutoka cheusi, na ngozi zetu za kahawia hutoka nzito kuliko zilivyo. Kwa picha za watu huongeza mwanga hatua moja, yaani mara mbili, zaidi ya mita ya mwanga inavyosema, na kumweka mtu kivulini kwenye mwanga mpana, karibu na ukuta mweupe. Jirani yangu alipojiona kwenye chapa ya kwanza, kabla sijajua hilo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama Wanja, huyu ni mimi usiku?" Nilirudia picha ile wiki iliyofuata, na hiyo ya pili ndiyo aliyoitundika sebuleni.

Mgongo mpya wa inchi 4 kwa 5

Hapa unaagiza au unatengeneza ubao unaochukua nafasi ya mgongo wa asili, wenye tundu katikati, kioo cha ukungu kinachobanwa kwa springi mbili, na nafasi ya holda ya kisasa kuteleza katikati yao. Kamera nyingi za Kiingereza za aina hii zina mgongo wa mraba unaogeuzwa kwa picha ya kusimama au ya kulala, ulioshikwa kwa vibano vya shaba. Unauchomoa wote, unauweka pembeni ukiwa mzima, na kuweka mpya wenye umbo lile lile. Usikubali fundi atoboe au apige msumari kwenye mgongo wa asili. Kamera imefika hapa ikiwa kamili, na kitu cha kuongeza kinaweza kutolewa siku yoyote.

Faida ni kubwa. Holda za 4 kwa 5 zinafanana dunia nzima, mpya zinatengenezwa, na zilizotumika za Fidelity, Lisco au Riteway bado zinazunguka sokoni. HP5 Plus na FP4 Plus za Ilford zipo kwa saizi hiyo. Fomapan ya Ucheki ipo pia, kwa kawaida kwa bei ya chini. Filamu hizi zinaona rangi zote, ngozi ya mtu inatoka kama ngozi, na kila karatasi ina alama zilizokatwa pembeni za kukuonyesha gizani upande wenye dawa: ukiishika wima alama zikiwa juu kulia, dawa inakutazama. Hasara yake ya kila siku ni kwamba zote zinaoshwa gizani kabisa, bila taa nyekundu. Na lazima ziagizwe nje, kwa hiyo weka hesabuni usafirishaji na ushuru. Ndugu akikuletea, azibebe kwenye mkoba wa mkononi na aombe zikaguliwe kwa mkono, maana mashine za mizigo ya tumboni mwa ndege, na zile mpya za kukagua kwa pande zote, huunguza filamu.

Unapoteza pia eneo. Picha ya 4 kwa 5 ni kama sentimita 9.5 kwa 12, zaidi kidogo ya nusu ya hafu pleti. Lenzi ya inchi 8 iliyokuwa ya kawaida kwa kamera hii sasa inaona kwa ufinyu, kama mtu aliyesogea karibu kwa robo. Kwa sura za watu hilo ni zuri. Kwa jengo la McMillan pale Banda Street, ambalo nafasi ya kurudi nyuma ni ndogo, utajikuta barabarani kati ya magari. Ukipenda majengo, tafuta lenzi fupi zaidi mapema, au kaa na holda za asili.

Sasa kipimo. Kwa kiwango cha Marekani, holda ya 4 kwa 5 ina kina cha inchi 0.197, na ruhusa ya 0.007 juu au chini. Hicho ni kina kutoka uso wake unaolala kwenye kamera hadi sakafu ambapo filamu inakaa, kama milimita 5. Toa unene wa filamu yenyewe, dawa inabaki kwenye 4.8 hivi. Uso uliosagwa wa kioo cha ukungu lazima uwe umbali huo huo kutoka kwenye kalio la holda, yaani pale holda inapolala kwenye mgongo, na lazima utazame lenzi. Nilimwambia seremala wangu wa Ngong Road haya yote nikiwa na kalipa mkononi.

"Madam, hii ni ya nini hata?"

"Ni ya picha, mzee. Hapa nataka milimita tano, isizidi wala isipungue."

"Milimita tano nitakupa. Lakini sisi hupima na macho, alafu tunapima tena."

Alinipa kweli. Kazi yake ya mbao ilikuwa safi, mfereji wa kuingiza ule ukingo mwembamba wa holda ulikaa sawasawa, na mwanga haukupita. Kosa lilitokea nyumbani, tulipofunga kioo tukakigeuza, upande uliosagwa ukawa nje. Kioo kilikuwa cha milimita 2. Nilimpiga picha dada yangu kwa f/8, tundu la lenzi likiwa pana kiasi (namba ikikua, tundu hupungua), nikalenga macho kwa kikuzio, nikahakikisha mara tatu. Negativu ilitoka na sikio kali kiasi cha kuhesabu nywele za pembeni yake, hereni inang'aa, na macho yote mawili yamefunikwa na ukungu. Kioo kilikuwa kimesogeza kipimo kwa zaidi ya milimita moja, na kwa mtu aliyekaa mita mbili mbele yako, hiyo inatosha kurudisha ukali nyuma kwa kiganja kizima.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Ukikubali doa la ukungu la sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye negativu, f/8 inakusamehe milimita 0.8 mbele na nyuma, lakini f/22 inakusamehe 2.2. Ndiyo maana watu hupiga mandhari kwa mwaka mzima na mgongo usio sahihi bila kujua, kisha wanapiga sura moja na kuilaumu lenzi. Pima pembe nne na katikati, kwa kalipa, ukiwa umelaza rula ya chuma juu ya kalio la holda. Usiruhusu vanishi ipakwe kwenye kalio hilo baada ya kupima; rangi nyeusi isiyong'aa ipakwe ndani ya tundu tu.

Mbao nayo ina maneno yake. Mhogani au mvule mbichi ukirandwa Aprili mvua ikinyesha, Januari utakuwa umejikunja na kuacha ufa wa mwanga. Tafuta mbao ya samani ya zamani. Ubao wa kitanda cha bibi unafaa kuliko wowote dukani. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, mafundi wataipendekeza kwa sababu inakatika kirahisi, lakini inavimba kwa unyevu, kingo zake zinatoa vumbi, na vumbi kwenye filamu wakati wa kupiga ni madoa meusi kwenye kila chapa. Kioo cha ukungu unaweza kukisaga mwenyewe kwa ile dawa ya kusagia valvu inayouzwa kwenye maduka ya spea za magari ya Kirinyaga Road. Chagua ile laini, ongeza maji, saga kioo kwa kioo kwa mizunguko kwa muda wa saa moja. Ile ya punje kubwa inatoa uso ambao huwezi kuona juu yake jicho la mtu limelengwa au la.

Kuna wanaochapa mgongo huu kwa printa ya 3D. Vipimo vinatoka vizuri na ukikosea unarudia bei ikiwa ndogo. Tumia plastiki inayostahimili joto, PETG au zaidi, kwa sababu PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa hizi, huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa juani linaweza kuifikisha huko. Kuta ziwe nene. Mimi nampa kazi seremala, kwa kuwa mbao kwenye mbao inakaa vizuri na ninaweza kurudi kwake kukiwa na tatizo, lakini aliye na rafiki mwenye printa asiidharau.

Ukiwa na pesa kidogo zaidi, unaweza kuagiza mgongo mzima uliotumika wa kamera ya 4 kwa 5 na kuufunga kwenye ubao wako. Hapo kina kimeshapimwa kiwandani na seremala anabaki na kazi ya kutengeneza fremu tu. Ukiuona ni wa aina ya Graflok, ile iliyoletwa na kampuni ya kamera ya Graflex mwaka 1949, uchukue: kioo chake kinatoka chote na kuacha nafasi ya kufunga holda ya filamu ya mkanda.

Filamu ya mkanda

Nitaipitia haraka. Holda ya filamu ya mkanda ya saizi ya 120 nyuma ya kamera kubwa inakupa picha 8 za sentimita 6 kwa 9 au 10 za 6 kwa 7, kuosha ni rahisi, na filamu ni nyepesi kubeba. Lakini 6 kwa 9 ni karibu robo tu ya hafu pleti, na lenzi ya inchi 8 juu yake ni kama darubini ndogo. Kubeba kamera ya mbao, stendi na kitambaa cheusi hadi Karura ili urudi na negativu ambayo kamera ya mfukoni ya zamani ingekupa, kwangu haifai. Inamfaa anayetaka rangi, au anayejaribu lenzi kabla ya kutumia karatasi ya bei.

Karatasi ya picha na mabamba ya kioo

Kama lenzi yako haina shata na unapiga kwa kutoa na kurudisha kifuniko, soma hapa kwa makini, maana hii inabadilisha jibu. Juani mchana, filamu ya eksirei ambayo mimi huihesabu ISO 80 (kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga) inataka sekunde 1/10 hata kwa f/45. Hakuna mkono unaoweza hivyo. Karatasi ya kuchapia picha, ukiihesabu ISO 6, inataka sekunde moja na theluthi kwa f/45 kwenye jua lile lile, na hiyo unaihesabu mdomoni. Bamba jipya la kioo la ISO 2 linataka sekunde mbili kwa f/32. Mabamba bado yanatengenezwa na wachache, Zebra ya Slovenia wakiwemo, na yanaingia kwenye holda za kitabu bila kadibodi wala ala yoyote, kama siku ya kwanza. Ni ghali na yanaweza kufika yamevunjika. Karatasi unaikata kwa mkasi na kuiosha chini ya taa nyekundu.

Angalia namba za lenzi pia kabla ya kuhesabu. Lenzi za mwisho wa karne ya 19 mara nyingi zina alama za U.S. (Uniform System, si Marekani), mpangilio wa Uingereza wa 1881, ambapo 16 ni f/16 lakini 4 ni f/8 na 64 ni f/32. Nimeona watu wakipoteza karatasi nzima kwa kudhani 64 ni f/64.

Ningekushauri nini

Kama kamera ni hafu pleti na holda zake za asili zipo, anza na eksirei na kadibodi kwa miezi miwili. Utajua mvukuto unavuja wapi na lenzi inapenda nini, na utakuwa hujatumia hela ya seremala. Ukiona umeanza kuitoa nje kila Jumamosi, na hasa ukipiga watu, tengeneza mgongo wa 4 kwa 5. Ndio ninaoutumia sasa mara nyingi zaidi, na holda za kitabu nazibakiza kwa majengo na kwa siku ninazotaka negativu kubwa ya kuchapa kwa kugusanisha na karatasi.

Kama holda za asili hazipo, usipoteze mwaka kuzitafuta. Zilikuwa zikitengenezwa kwa kulingana na kamera moja moja, na ya kamera nyingine mara nyingi haikai. Nenda moja kwa moja kwa seremala.

Ful pleti ina nafasi ya kutosha kubeba mgongo wa 4 kwa 5 au hata wa 5 kwa 7, ukikumbuka kwamba kina cha holda ya 5 kwa 7 ni inchi 0.228, kwa hiyo vipimo vya juu havitumiki. Kwota pleti ni habari tofauti: 4 kwa 5 ni kubwa kuliko kamera yenyewe. Hapo kata filamu ya 4 kwa 5 gizani hadi sentimita 8.2 kwa 10.7, ukiibakiza ile pembe yenye alama, na uitie kwenye ala.

Siku ya kuchukua mgongo kwa fundi, beba holda moja na simu. Washa tochi ya simu, iweke ndani ya mvukuto, funga lenzi, ingiza holda yenye kifuniko chake, na mwombe fundi afunge mlango wa karakana. Kaa gizani dakika tano nzima, macho yazoee, kisha zunguka kamera taratibu ukitazama kona za mgongo na mahali kifuniko cha holda kinapoingilia. Ukiona uzi wa mwanga, weka alama ya chaki hapo hapo, na umlipe akishaubandika mahameli nyeusi.